Usisindikize Gari Hili

Waliohudhuria walikuwa hawa: Mheshimiwa Dk. Dk. Mbarika Ndelema, Waziri wa Nishati Iliyokwisha Kutumika, ambaye ndiye mwenyekiti. Kanali Mkadamu, Mkuu wa Usalama wa Betri. Profesa Aluna Mzeru, bingwa wa mitazamo ya watu. Bwana Hatibu Mwenkale, katibu. Na Mwakilishi wa Watumiaji, ambaye bado hakuwa ameteuliwa, lakini kiti chake kilihudhuria tangu mwanzo hadi mwisho, tena kwa utulivu wa kupigiwa mfano. Walioomba udhuru: hakuna, kwa kuwa udhuru ulikuwa umepigwa marufuku katika kikao kilichotangulia.

Kikao chenyewe kilikuwa cha Tume ya Taifa ya Kuelewa Mtazamo wa Mtumiaji Kuhusu Betri Zilizochoka. Jina la nchi haliwezi kutajwa hapa, si kwa hofu, la hasha, bali kwa sababu kamati iliyoundwa kulichagua ingali katika ziara ya mafunzo kwenye nchi zenye majina.

Chanzo cha kikao kilikuwa hiki. Miaka mingi nyuma, serikali ya nchi ile iliufuta moshi kwa tamko. Bajaji zote za petroli ziliondolewa barabarani kati ya asubuhi na adhuhuri, na mahali pake zikaletwa bajaji za umeme, kila moja na betri yake ya ukubwa wa sanduku la safari. Wananchi walipouliza betri hizo zingedumu kwa muda gani, walijibiwa kwamba hazingechoka kamwe, kwa kuwa hapakuwa na fungu la kuchoka katika bajeti. Betri, kwa utovu wa nidhamu ambao haujapata kuelezwa, zikachoka. Ndipo kikajengwa Kiwanda cha Taifa cha Kurejeleza Betri, ambamo, kwa mujibu wa bango lililokuwa langoni, betri kuukuu zingefunguliwa, madini yake yakatolewa, na betri mpya zikazaliwa. Kiwanda kilipewa ufunguzi wa awali, kisha ufunguzi rasmi, kisha ufunguzi rasmi zaidi. Kilichokosekana ni betri tu. Lori la serikali lilipita mitaani kila Jumanne likipiga king'ora, na kila Jumanne lilirudi tupu.

"Mtumiaji ana nini?" aliuliza Waziri, akikikazia macho kile kiti kitupu kana kwamba kingejitetea. "Tumempa kiwanda. Tumempa lori. Tumempa king'ora. Anataka nini tena?"

Profesa Mzeru alirekebisha miwani yake. "Mheshimiwa, utafiti wetu uko wazi kabisa. Tuliwauliza wananchi kama wanafurahishwa, wanafurahishwa sana, au wanafurahishwa kupita kiasi na urejelezaji wa betri. Wote wanafurahishwa kupita kiasi."

"Wote?"

"Zaidi ya wote, Mheshimiwa. Wapo waliofurahi mara mbili."

"Basi mbona hawazileti?"

"Swali hilo halikuwemo katika dodoso, Mheshimiwa. Tuliogopa lingeharibu matokeo."

Kanali Mkadamu alisimama, maana hakuwa na mazoea ya kufikiri akiwa ameketi. "Mheshimiwa, betri hizi zinaishi sebuleni mwa watu. Vijana wangu wamezichungulia madirishani. Zimevalishwa vitambaa vya kufuma. Juu yake kuna chupa za chai, redio, picha za harusi. Sasa mimi nauliza: betri inayoitii serikali huvaa kitambaa? Kuna mtu nyuma ya vitambaa hivi."

"Na lile la Mkwajuni?"

"Ni kweli, Mheshimiwa. Betri moja ilivimba sebuleni, ikawaka, ikateketeza kochi na pazia. Familia iliponea dirishani."

"Tulitoa taarifa?"

"Tulitoa. Tulisema ni sherehe ya mwanga iliyofanyika bila kibali. Familia imepewa onyo."

Bwana Hatibu aliyaandika yote hayo kwa mwandiko wake mnyoofu. Alikuwa mtu aliyependa mambo yakae mahali pake, na katika miaka yake yote ya ukatibu alikuwa ameandika maamuzi mengi bila kufanya hata moja. Lakini alipofika kwenye neno "ilivimba" kalamu ilisita. Aliikumbuka sebule ya mama yake. Alikumbuka kwamba Jumapili iliyopita chupa ya chai ilikuwa imeinama upande, naye akainyoosha, ikainama tena, akaacha, akidhani sakafu ndiyo yenye kosa.

Waziri alikuwa akiendelea. Jumamosi kiwanda kingepewa ufunguzi mwingine, huu ukiitwa ufunguzi wa kina, na nchi nzima ingeutazama katika televisheni. Alihitajika mtumiaji mmoja, mtu mzima, nadhifu, ambaye angeikabidhi betri yake huku akionekana wazi kuwa anafurahishwa kupita kiasi.

"Mtumiaji tunaye," alisema Kanali. "Mama yake katibu. Betri yake ina kitambaa cha mawaridi."

Nyuso zote zilimgeukia Hatibu. Hata kile kiti kilionekana kugeuka kidogo.

"Mama yako ana mtazamo gani?" aliuliza Waziri.

"Mheshimiwa, mama yangu ana mtazamo wake."

"Wake mwenyewe?" Waziri alishtuka. "Hakupewa?"

"Wake mwenyewe, Mheshimiwa."

"Basi uwe umebadilika kabla ya Jumamosi."

*

Bi. Salange, mama yake Hatibu, aliishi mtaa wa Tupendane, katika nyumba ambayo mlango wake ulifungukia moja kwa moja kwenye kichochoro, katikati ya majiko ya jirani na watoto wa jirani. Ua haukuwepo, ulikuwa umechukuliwa na upanuzi wa barabara, na barabara nayo ilikuwa bado haijapanuka.

"Hodi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda? Huko kwenye Tume hamli?"

"Tunakunywa chai, Mama."

"Na nini?"

"Na ajenda."

"Ndiyo maana. Kaa, nikupashie maharage."

Hatibu hakukaa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kona ambako betri ya marehemu baba yake ilikuwa imetulia chini ya kitambaa cha mawaridi. Betri ile iliitwa Shukuru. Mzee Mwenkale ndiye aliyempa jina hilo, siku bajaji yake ya umeme ilipopanda kilima cha hospitali ikiwa na wajawazito wawili bila kulalamika. Shukuru alikuwa amewabeba nusu ya watoto wa mtaa kwenda kuzaliwa, na Hatibu mwenyewe kwenda chuo, na godoro lake, na sanduku lake la bati, na kuku aliyekuwa zawadi kwa mkuu wa chuo. Mzee alipofariki bajaji iliuzwa, lakini Shukuru, aliyekuwa amekwisha kuchoka, aliingizwa ndani akapewa kona.

Hatibu aliinua kitambaa. Ubavu mmoja wa betri ulikuwa umetokeza nje kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Aliugusa. Ulikuwa na joto.

"Mama, hii betri imevimba."

"Najua. Tangu mwezi wa mfungo. Nikadhani ni uzee tu. Hata mimi miguu inavimba."

"Mama, miguu yako haiwaki moto! Hii itawaka. Na wewe unalala hapo, nyuma ya pazia hilo."

"Sasa unataka nifanyeje? Nimtupe jalalani? Shukuru aliyekupeleka chuo?"

"Si jalalani, Mama. Tume inakuomba umkabidhi kiwandani Jumamosi, na kama si Jumamosi, kuna lori. Linapita kila Jumanne."

Dirishani kilisikika kicheko. Mama Tunu, jirani, alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi, kama alivyosimama pale kila mara mtoto wa serikali alipokuja kumsalimia mama yake. "Lori! Hebu muulize, Bi. Salange, muulize lori lenyewe limeandikwa nini mgongoni!"

Hatibu hakuhitaji kuulizwa. Ni yeye aliyekuwa amesahihisha maandishi yale kabla hayajapelekwa kwa mchoraji, na kwa unadhifu wa herufi zake alisifiwa na kikao kizima. Mgongoni mwa lori, kwa rangi nyekundu, pameandikwa: USISINDIKIZE GARI HILI. Lilikuwa wazo la Kanali, kwa sababu za kiusalama.

Hapa msomaji wa mbali aelezwe jambo. Katika nchi ile, kitu hakitoki nyumbani bila kusindikizwa. Mgeni husindikizwa hadi njia panda, na akiwa mgeni mwema, hadi kwake, na huko naye humrudisha msindikizaji nusu ya njia. Bibi harusi husindikizwa, na maiti, na mtoto anayekwenda shule ya bweni. Hata cherehani ikiuzwa, wauzaji huifuata hadi kwa mnunuzi, wakaona itakaa dirisha gani, wakanywa chai, ndipo wakarudi wakiwa wameridhika. Jambo hili lilijulikana kwa kila mtu nchini isipokuwa Tume iliyoundwa kuujua mtazamo wa watu, ingawa wajumbe wake wote walikuwa wamesindikizwa na mama zao.

"Mimi sikatai, mwanangu," alisema Bi. Salange. "Nani amekwambia nakataa? Mtaa mzima huu hakuna anayekataa. Sebule zimejaa, tunapita kiubavu kama kaa. Mlisema leteni betri, tukasema haya, ngojeni tujifunge khanga twende nazo. Mkasema msifuate. Sasa hebu niambie wewe uliyesoma: mtu anayechukua kitu chako, halafu akakwambia usimfuate, huyo anaitwaje?"

"Mwizi," alijibu Mama Tunu kutoka dirishani, kwa niaba ya Tume.

"Mama, serikali si..."

"Ngoja. Mkeo alipokuja kwako, shangazi zake hawakumleta hadi chumbani? Hawakufungua mpaka kabati?"

"Walifungua, Mama."

"Wakasema nini?"

"Wakasema kabati ni dogo."

"Lakini walimwacha."

"Walimwacha."

"Ehee. Kwa sababu waliona." Bi. Salange aliketi, akaanza kuchambua mchele kama mtu aliyekwisha shinda kesi. "Nitamtoa Shukuru Jumamosi, kwa heshima yako. Lakini nitakwenda naye hadi kwenye hiyo mashine yenu. Nione anawekwa wapi, na nani anampokea. Nikishaona, narudi zangu."

Hatibu alimsihi walau aitoe betri nje hadi siku hiyo. Nje wapi, aliulizwa, kwenye majiko ya Mama Tunu? Alimsihi basi akalale nyumbani kwake, kwa mkwewe na wajukuu. Bi. Salange alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nimwache mgonjwa peke yake, Hatibu? Baba yako angesemaje?"

*

Tume ilipokutana tena, Hatibu alitoa taarifa. Mama amekubali. Mtaa mzima umekubali. Wanachoomba ni kusindikiza tu.

Profesa Mzeru alifurahi mno. "Mheshimiwa, huu ni mtazamo mpya kabisa katika taaluma! Tuupe jina."

"Jina gani?"

"Usindikizaji."

"Si ndilo jina wanalolitumia wao?"

"Ndilo, Mheshimiwa, ila sisi tutalichapisha."

Kanali hakufurahi. Kwa mtazamo wake, kusindikiza kulikuwa ni maandamano yanayokwenda polepole, na upole wa mwendo ndio uliomtia shaka zaidi. Hata hivyo Waziri alikuwa mtu wa televisheni. Aliona machoni pake umati, khanga, vigelegele, na yeye mwenyewe katikati. "Wasindikize," aliamua. "Wasindikize hadi langoni."

"Mheshimiwa," alisema Hatibu, "mama anasema hadi kwenye mashine."

Profesa aliacha kukoroga chai. Kanali, ambaye alikuwa amesimama, aliketi.

"Teknolojia ni siri ya dola," alisema Waziri polepole. "Wewe katibu, umewahi kuiona mashine?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi niliandika tu kwamba ipo."

"Basi endelea kuandika."

Hatibu aliandika. Lakini alasiri hiyo, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alifanya jambo ambalo halikuwa katika ajenda: alipanda bajaji akaenda kiwandani.

Mlinzi, Bwana Mavere, alikuwa ameketi langoni akimenya chungwa. Alipoona kitambulisho alisimama, akafungua, akatangulia njia kwa fahari ya mtu asiyepata wageni. Walivuka ua mpana wa saruji, safi, pembeni mwake pakiwa na rundo kubwa la mchanga lililosazwa na wajenzi. Kisha Bwana Mavere akasukuma milango mikubwa ya jengo.

Ndani palikuwa peupe kama ukumbi siku ya pili baada ya harusi.

"Mashine iko wapi?" aliuliza Hatibu.

"Unaitazama, bosi."

Ilikuwa ukutani. Ilikuwa kubwa, ya bluu na manjano, yenye mabomba yaliyopindana na taa ndogo za kijani, na mbele yake alisimama mfanyakazi mwenye kofia ngumu na glavu za bluu, akitabasamu. Yote ilikuwa imepakwa rangi kwa ustadi mkubwa.

"Hii ni picha!"

"Ya kwanza ilikuwa ndogo," alieleza Bwana Mavere. "Kwenye ufunguzi rasmi zaidi wakubwa wakasema haionekani vizuri kwenye televisheni, ndiyo ikapakwa hii. Hapo kwenye bluu usiguse, bado haijakauka."

"Na mashine yenyewe?"

"Bosi, mimi nalinda kilichopo."

Hatibu alisimama mbele ya ukuta ule, na kumbukumbu ikamjia taratibu, na kila ilipokaribia alizidi kutamani isifike. Ilikuwa miaka miwili iliyopita. Muuzaji wa mashine alileta picha ili Tume ichague. Tume iliijadili kwa mapana, ikataka bluu iongezwe, kisha ikaipitisha picha kwa shangwe. Baada ya hapo wajumbe walikwenda kula. Aliyepaswa kuagiza mashine alidhani imeagizwa na waliopitisha picha; na waliopitisha picha, kila walipoulizwa kama mashine imepita, walijibu kwa dhamiri safi kabisa kwamba imepita. Yeye Hatibu ndiye aliyeandika.

Alirudi mjini akiwa na mzigo ambao hakujua auweke wapi. Akimwambia mama yake, Shukuru hatoki sebuleni. Asipomwambia, Shukuru atakwenda hadi langoni, na jioni atarudi sebuleni vilevile, akiwa amevimba zaidi na kuchoshwa na safari. Katika njia zote mbili mama yake angelala kando ya moto uliokuwa bado haujaamua siku.

*

Jumamosi, Bi. Salange alivaa khanga mpya. Shukuru aliwekwa juu ya mkokoteni uliotandikwa mchanga, kwa ushauri wa Hatibu, akafunikwa kitambaa cha mawaridi, kwa amri ya mama yake. Betri ilikuwa na joto la chapati iliyotoka sasa hivi jikoni.

"Umepaona anapokwenda?" aliuliza Bi. Salange.

"Nimepaona, Mama."

"Pakoje?"

"Pana nafasi."

"Na mwenyeji wake?"

Hatibu alianza kunyoosha pembe ya kitambaa, ambayo ilikuwa imenyooka. Bi. Salange alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani aliposema amekwisha kuoga.

Waliondoka wakiwa watu wachache. Lakini Mama Tunu alipomwona Shukuru akipita peupe, na mwenyewe ubavuni mwake, na mtoto wa serikali akisukuma badala ya kufukuza, aliingia ndani akatoka na betri yake juu ya toroli. "Nisubirini, jamani! Wangu naye kachoka!" Nyumba ya pili ikafungua mlango, na ya tatu. Kila mtaa waliopita ulitoa betri zake, zikiwa na vitambaa vya kila rangi. Wanawake walipiga vigelegele. Madereva wa bajaji walipunguza mwendo, wakavua kofia. Yale ambayo mabango, king'ora na utafiti havikuweza kuyafanya yalifanyika kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, na Profesa Mzeru, aliyekuwa akitazama kutoka jukwaani, alisikika akisema kwamba hali hiyo ilikuwa nje ya makisio.

Langoni pa kiwanda palipambwa riboni. Waziri alipoona umati, kifua kilimpanda.

"Ndugu wananchi!" alinguruma katika kipaza sauti. "Betri ni nini? Betri ni betri! Lakini je, ni betri tu? Hapana! Wapo wanaosema betri ikichoka imechoka. Mimi nawaambia, betri ikichoka, ndipo serikali yenu inapoamka! Leo historia inaandikwa. Kesho itasomwa. Keshokutwa mtaulizwa maswali yake!"

Watu walipiga makofi, maana walikuwa na adabu. Kisha Bi. Salange akasogea na mkokoteni wake hadi kwenye riboni, akaita kwa sauti kubwa, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu:

"Hodi!"

Hakuna aliyejibu.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mama," alisema Waziri, akizitabasamia kamera. "Tumekwisha kupokea. Iweke tu hapo chini."

"Ahsante, mheshimiwa mwanangu, lakini namwita mwenyeji. Nimeleta mgeni. Nani anampokea?"

"Taifa linampokea, mama!"

"Taifa ndiye yupi kati yenu?"

Wajumbe wa Tume walitazamana. Kanali Mkadamu alirudi nyuma hatua moja, ili asidhaniwe. Nyuma ya Bi. Salange umati ulianza kunong'ona, kisha kusema, kisha kuimba: "Apokewe! Apokewe!"

Waziri alikifunika kipaza sauti kwa kiganja, akamvuta Hatibu kando. "Katibu, tangaza. Makabidhiano yamefanyika kwa mafanikio makubwa. Kisha kila mtu arudi na betri yake kwa hifadhi ya muda, hadi ufunguzi ujao."

"Arudi nayo sebuleni, Mheshimiwa?"

"Sebuleni, chumbani, popote. Serikali haiingilii faragha."

Wakati huo huo, chini ya kitambaa cha mawaridi, Shukuru alitoa sauti. Ilikuwa sauti nyembamba, kama ya birika linalofikiria kuchemka, na pamoja nayo ikatoka harufu kali yenye utamu, kama ya rangi ya kucha, na uzi mwembamba wa moshi.

"Moshi umepigwa marufuku!" alifoka Kanali.

Hatibu hakumsikia. Alimsukuma mama yake kwa Mama Tunu, akaushika mkokoteni kwa mikono miwili, akaipasua riboni kwa kifua, akakimbia. Alivuka ua wote wa saruji, tai ikipepea begani, hadi kwenye lile rundo la mchanga, akampindua Shukuru humo na kumfukia kwa mikono, kwa mguu, kwa kila alichokuwa nacho. Sauti ikapungua. Moshi ukawa hafifu. Bwana Mavere alifika na ndoo ya mchanga mwingine, na kwa wema wake, akaifungua milango ya jengo, akidhani mkubwa amekuja kukagua.

Watu nao walikuwa wameingia, maana anayesindikiza hasimami langoni mwenzake akikimbia. Walifika hadi mlangoni mwa jengo, wakasimama. Bi. Salange aliwapita. Alitembea peke yake katika ukumbi ule mtupu hadi ukutani, akaitazama mashine juu hadi chini, akamtazama yule mfanyakazi mwenye kofia ngumu, akampa mkono. Kisha akarudi uani, taratibu, akamfungulia mwanawe kiganja. Kilikuwa cha bluu.

"Huyu ndiye mwenyeji?"

"Ndiye, Mama."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Niliogopa ukijua utabaki na Shukuru ndani. Nikaogopa usipojua watakurudishia."

Bi. Salange alikifuta kiganja katika shati la mwanawe, jeupe, la ofisini. "Sasa umeshaogopa kote," alisema. "Kumebaki wapi?"

Waziri alikuwa amefika, akitweta. Alimtia Hatibu kipaza sauti mkononi. "Ikishapoa," alinong'ona, "arudi nayo. Wote warudi nazo. Tangaza sasa hivi, kamera zinaturusha."

Hatibu alikishika kipaza sauti. Mbele yake zilikuwa betri nyingi kuliko alizowahi kuziandika, na nyuma ya kila moja alisimama mtu aliyekuwa na kitanda chake mahali fulani karibu nayo. Alinyoosha tai. Alikohoa kidogo, kama alivyokohoa kila mara kabla ya kusoma kumbukumbu za kikao.

"Ndugu wasindikizaji. Tume ya Taifa ya Kuelewa Mtazamo wa Mtumiaji Kuhusu Betri Zilizochoka imeuelewa mtazamo wa mtumiaji, na imeamua kama ifuatavyo. Betri zote zilizoletwa zitabaki hapa uani, juu ya mchanga, mbali na vitanda vya watu. Hakuna hata moja itakayorudi sebuleni."

Vigelegele vilipaa. Waziri aliinua mkono ili kusahihisha, lakini kamera zote zilimgeukia, na alipojikuta mkono ukiwa hewani mbele ya taifa linaloshangilia, aliona heri aupunge.

"Lango halitafungwa hadi mashine ya chuma ifike," aliendelea Hatibu. "Atakayetaka kuja kumwona wake, aje."

"Na mwenyeji?" aliuliza Bi. Salange.

"Wajumbe wa Tume ndio watakaokuwa wenyeji, kwa zamu. Watakaa hapa hapa uani, kwenye viti, ubavuni mwa betri, na kumpokea kila anayeleta, mmoja mmoja, kwa jina lake. Zamu ya kwanza inaanza sasa, na ni ya Mheshimiwa Mwenyekiti."